Kinamasi Si "Majani Tu": Somo la Kutazama Vitu Vidogo



Wapendwa vijana, somo la leo halikufanyika ukumbini. Limetokana na matembezi ya Jumamosi moja niliyofanya na kundi la vijana kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Mwanza, kwenye ghuba ndogo iliyozungukwa na mafunjo. Nataka tujifunze jambo moja: kutazama. Namaanisha kutazama mpaka kiumbe kiwe na jina na sura yake, kisibaki kuwa "majani" au "wadudu" tu.

Kabla hatujaingia niliwaomba kila mmoja aandike majina ya viumbe kumi wanaoishi kwenye kinamasi kile. Wengi wao wamezaliwa na kukulia ziwani. Samaki walitajwa haraka: sangara, sato, dagaa, kambare, kamongo, furu. Baada ya hapo kalamu zikasimama. Mmoja akaandika "majani". Mwenzake akaandika "wadudu mbalimbali". Na hawa ni watu wanaoweza kukutajia kikosi kizima cha Simba na cha Yanga, pamoja na wale wa benchi! Kwa hiyo tatizo si kumbukumbu. Tunakumbuka majina ya vitu tunavyovijali.

Tufungue Mwanzo 2:19-20. Mungu anamletea Adamu wanyama na ndege, mmoja mmoja, aone atawaitaje. Angalieni mpangilio. Kabla Adamu hajapata mke, kabla ya habari ya nyoka na tunda, tayari amepewa kazi ya akili, nayo ni kutoa majina. Na huwezi kumpa jina mtu au mnyama ambaye hujamtazama. Halafu nendeni kwenye Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, pale hekima ya Solomoni inapoelezwa. Tunamkumbuka kwa hukumu ya wale mama wawili na mtoto, lakini Maandiko yanasema pia alizungumza juu ya miti, kuanzia mwerezi wa Lebanoni hadi hisopo inayoota ukutani, na juu ya wanyama, ndege, vitambaavyo na samaki. Hiyo ilihesabiwa kuwa hekima, tena ya mfalme.

Basi twende kinamasini.

MAFUNJO NI NDUGU WA NDAGO

Mmea unaotawala pale ni mafunjo. Kwa mbali ni ukuta wa kijani uliompita mtu kimo kwa mbali sana, na kila bua limebeba juu yake kitu kama mwavuli wa nyuzi. Tulikata bua moja kwa wembe tuone umbo lake. Si la duara. Lina pembe tatu, na ukilipitisha vidoleni unazihisi zile kingo. Shikeni alama hiyo: mmea wa majimaji wenye bua la pembe tatu lisilo na vifundo, mara nyingi ni wa ukoo wa ndago. Ndiyo, ndago hii hii mnayoing'oa kwenye mahindi huku mnailaani. Mafunjo ni kaka yake mkubwa. Matete ni tofauti: bua lake ni la duara, wazi ndani, lina vifundo kama mwanzi, na majani yanachomoza kwenye vifundo hivyo. Ukishalijua hilo huwezi kuchanganya tena.

Ndani, bua la mafunjo ni kama sifongo, limejaa vijia vya hewa. Sababu yake ni kwamba mizizi iko kwenye tope lisilo na oksijeni, hivyo hewa lazima ishushwe kutoka juu. Mashina yake ya chini hulala na kufumana hadi yanakuwa kama godoro linaloelea. Kuna mahali unaweza kukanyaga ukadhani ni nchi kavu, kumbe chini yako ni maji. Usijaribu hilo peke yako.

Tulimkuta mama mmoja anavuna mafunjo ya kusukia mikeka. Tulimwamkia, akatuitikia vizuri, na kijana mmoja akamwuliza kama hayamalizi mafunjo kwa kuyakata kila wiki. Akacheka. "Yakikatwa yanaota, mwanangu. Yakichomwa, yanaota. Yakifukiwa na kifusi ndiyo basi." Akaonyesha kwa kidevu upande wa pili wa ghuba. Kule malori yalikuwa yameshamwaga udongo na vigingi vya viwanja vimesimama. Nitarudi kwenye kifusi hicho baadaye, kwa sababu ndicho kilichotuletea swali gumu la siku ile.

Tukakaa chini ya mti, nikawaomba wafungue Kutoka 2:3 kwenye simu zao, pale mama yake Musa anapomtengenezea mtoto kile kisafina. Tafsiri zetu nyingine husema manyasi, nyingine matete. Neno la Kiebrania lililotumika ni gome (halihusiani na gome la mti la Kiswahili!), na gome ni mafunjo. Neno hilo hilo liko katika Ayubu 8:11, Bildadi anapouliza kama mmea huo unaweza kukua mahali pasipo na tope. Bildadi alikuwa mshauri mbaya, lakini kwenye mafunjo alisema kweli.

Kuna jambo la pili. Wamisri walichana kiini cha bua hili vipande vyembamba, wakavipanga kwa kukatisha, wakavigandamiza na kuvikausha, wakapata karatasi. Maandiko mengi ya kale ya Agano Jipya yaliandikwa juu yake. Kule Manchester, Uingereza, kimehifadhiwa kipande kidogo cha mafunjo, kinatosha kufunikwa na kiganja cha mkono, chenye maneno ya Injili ya Yohane sura ya 18, Yesu akiwa mbele ya Pilato. Wataalamu wengi hukihesabu kuwa miongoni mwa vipande vya kale zaidi vya Agano Jipya tulivyonavyo. Hata neno Biblia lina ukoo na neno la Kigiriki la mmea huu. Binti mmoja alilishika lile bua, akaligeuza, akasema taratibu, "Kumbe tunalalia Biblia." Alimaanisha mikeka ya kwao.

YANAYOELEA

Kwenye uwazi wa maji kulikuwa na mimea miwili yenye maua ya kuvutia, na vijana waliita yote miwili "maua ya ziwani". Tuitenganishe. Yungiyungi jani lake ni la duara, limelala bapa juu ya maji, lina mpasuo upande mmoja, na shina lake linashuka hadi chini kwenye tope. Vitundu vyake vya kupumulia viko upande wa juu wa jani, kwa kuwa upande wa chini umelowa muda wote. Maua yake hufunguka asubuhi na kufunga mchana, kwa hiyo ukienda saa tisa alasiri utasema hayapo. Yule ndege mwenye vidole virefu kupita kiasi, anayetembea juu ya majani hayo kama yuko barazani, uzito wake umetawanywa na vidole hivyo ili asizame.

Gugu maji ni habari nyingine. Ua lake la zambarau ni zuri, siwezi kukataa. Shina la jani lake limevimba kama puto. Likate, ndani utakuta vijumba vya hewa, ndiyo maana linaelea bila kushikwa na chochote. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Lilionekana ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1980, na katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limefunga bandari na mialo. Wazee wenu wa uvuvi wanaikumbuka vizuri miaka ile. Lililosaidia sana kulipunguza ni mdudu mdogo, jamaa wa fukusi wa mahindi, aliyeletwa kutoka huko huko kwa asili yake. Hapa ndipo jicho lenu lifanye kazi: chukua jani la gugu maji, litazame karibu. Ukiona vidoa vingi vya rangi ya kahawia, vidogo, kama mtu amekwangua kwa kucha, huyo ni fukusi, amekula hapo usiku. Watu walikuwa wameleta mashine na mapanga, na bado msaada mkubwa ukatoka kwa mdudu asiyefikia urefu wa punje ya mchele.

KERENGENDE

Hawa walikuwa kila mahali, na kila mtoto wa ziwani amewahi kuwakimbiza. Wako wa aina mbili. Wanene, wakitua huacha mbawa zimekunjuliwa pembeni kama ndege ya abiria. Wembamba kama sindano, wengi wao wakitua hufunga mbawa na kuzilaza juu ya mgongo. Tazama hilo tu kwanza, mengine yatafuata.

Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya maisha ya kerengende iko chini ya maji. Mtoto wake hana mbawa, ana rangi ya tope, na mdomo wake wa chini umekunjwa kama mkono. Kiluwiluwi cha mbu kikipita, ule mdomo unafyatuka mbele, unakamata, unarudi, kwa kasi ambayo jicho lako haliwezi kufuata. Ukifika wakati wake anapanda bua usiku au alfajiri, ngozi inapasuka mgongoni, kerengende anatoka. Ganda linabaki limeng'ang'ania bua. Tulitafuta kwa dakika kumi hivi tukapata maganda saba kwenye mabua machache, makavu, mepesi, hata miguu yote ipo.

Hapo frateri yeyote ataona homilia ya Pasaka inamjia mbio: ganda tupu, kaburi tupu. Nawasihi tusikimbilie huko. Tuna mazoea, hasa sisi wa seminari, ya kumtumia kila kiumbe kama kielelezo kisha kumwacha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 339, inafundisha kwamba kila kiumbe kina wema na ukamilifu wake wenyewe. Kerengende alikuwa akimtukuza Mungu kwa kuwa kerengende kabla sijafika pale na daftari langu. Mfano ukija, karibu. Usipokuja, hatujapoteza kitu.

Niseme na konokono kwa kifupi, maana hapa kuna hatari. Ukiona kwenye majani ya pembezoni konokono mdogo wa bapa, amejisokota kama kamba iliyoviringishwa chini, yawezekana ndiye anayebeba vimelea vya kichocho cha tumbo. Konokono mwenyewe hakuumi. Hatari iko kwenye maji: vimelea hutoka kwake, huogelea, na kupenya ngozi yako bila wewe kuhisi. Basi tulisimama ukingoni, tukiwa na viatu vya mpira, na hakuna aliyetumbukiza mguu wala mkono. Kama umekuwa ukioga ziwani tangu utoto na hujawahi kupima, nenda kituo cha afya. Dawa ipo. Kumjua kiumbe ni pamoja na kujua umkae umbali gani, na hilo linahusu mamba na kiboko vilevile.

FURU

Sasa tufike kwa samaki mdogo ambaye watu wa Mwanza wanamjua, na wengi wanamdharau. Furu. Kwa macho ya haraka ni samaki mmoja, mdogo, mwenye miba mingi, wa kukaanga na kutafuna. Kumbe furu wa ziwa hili ni aina mamia. Wataalamu hutaja zaidi ya 500. Wengine walikula mwani wa kwenye mawe, wengine walivunja konokono kwa meno ya kooni, wengine walikula magamba ya wenzao, wengine walikula watoto wa furu wengine. Karibu wote mama huatamia mayai mdomoni. Kwa majuma mawili, matatu, halafu hata vitoto vikishaanza kuogelea, hatari ikija vinarudi mdomoni mwa mama. Muda huo wote mama hali vizuri.

Kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara aliingizwa ziwani. Miaka ya 1980 akaongezeka ghafla. Watafiti waliokuwa hapa hapa katika Ghuba ya Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuja kuorodhesha furu, wakajikuta wanaorodhesha kutoweka kwao. Inakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 hazionekani tena. Simsemi vibaya sangara. Amejenga nyumba, amesomesha watu, pengine hata baadhi yenu. Tena si yeye peke yake: maji nayo yalichafuka kwa mbolea, udongo na maji taka. Mwaka 1997 watafiti walionyesha jambo lililonikaa moyoni. Furu jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Maji yakiwa na ukungu, rangi hazionekani, jike anachanganya, aina mbili zinaungana na kuwa moja. Hakuna aliyeua. Mwanga tu umepungua.

Na baadhi ya aina zile zilipotea kabla hazijapewa jina rasmi. Watafiti walikuwa wamezibatiza majina ya utani tu kwenye madaftari yao. Mungu aliwaleta mbele ya Adamu aone atawaitaje, na Adamu alikuwa bado hajafika.

Lakini kuna upande mwingine, na ndiyo sababu nilitaka tuwe pale, si ufukweni penye mchanga. Maji ya ndani ya mafunjo ni meusi, yana harufu, na oksijeni ni kidogo mno. Sangara hawezi kuishi humo. Kamongo anaweza, kwa kuwa ana mapafu na hupanda juu kuvuta hewa. Kambare naye anacho kiungo cha kupumulia hewa. Na baadhi ya furu wanaweza kuvumilia. Katika sehemu mbalimbali za eneo hili la maziwa, vinamasi na miamba ndivyo vilivyowahifadhi samaki wadogo wakati huko kwenye maji mazuri, mapana, walikuwa wanaliwa. Kile tunachokiita uchafu, ile harufu inayotufanya tufunge pua, ndiyo iliyokuwa mlango uliofungwa dhidi ya sangara.

"KUNANISAIDIA NINI?"

Swali gumu lililetwa na binti aliyemaliza chuo miaka miwili iliyopita na bado anatafuta kazi. "Frateri, samahani. Wale wanaomwaga kifusi angalau wanajenga. Watapanga mafundi, watapanga vibarua. Mimi kuhesabu kerengende kunanisaidia nini?"

Wenzake wakanyamaza. Swali hili ni halali, na msikubali mtu awajibu kwa wimbo wa mazingira.

Jibu la kwanza ni la matumizi. Mafunjo hukamata udongo na mbolea inayoteremka kutoka mashambani na mitaani kabla haijafika ziwani. Samaki wengi hukulia humo. Mama yule anakula kutokana na mikeka. Ghuba ikifukiwa, gharama ipo, ila italipwa na watu ambao hawakuuziwa kiwanja. Papa Fransisko katika Laudato Si', mwaka 2015, namba 34, anakumbusha kwamba hata kuvu, mwani, minyoo, wadudu na viumbe tusivyoviona kwa macho vinashikilia mfumo mzima.

Lakini jibu hilo halitoshi, na nilimwambia hivyo. Kama thamani ya kinamasi ni faida yake tu, siku viwanja vitakapoleta faida zaidi hatutakuwa na neno. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa, sehemu ya kwanza, swali la 47, anauliza kwa nini vitu ni vingi na tofauti hivi. Anajibu kwamba wema wa Mungu hauwezi kuwakilishwa ipasavyo na kiumbe kimoja, hivyo ameumba vingi, ili kile kinachopungua kwa kimoja kionyeshwe na kingine. Chukueni hoja hiyo kwa uzito. Maana yake aina moja ya furu ikitoweka, kuna kitu kuhusu Mungu ambacho hakisemwi tena hapa duniani kwa namna ile. Si kwamba furu ni mungu; aliyeuliza kama huku si kuabudu miti, nilimjibu kwamba barua haiabudiwi, lakini ukimpenda aliyeiandika huichani kabla ya kuisoma.

Kisha nikamwambia yule binti jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Jicho linalotazama ghuba hii na kusema "hapa hakuna kitu" ni jicho lile lile linalomtazama kijana asiye na kazi na kusema hivyo hivyo. Linaona bei tu. Sidhani mtu anaweza kulizoeza jicho kudharau kinamasi kisha akategemea litamheshimu jirani.

Akanitazama. "Sawa, Frateri. Lakini kazi bado naitafuta." Watu wakacheka, naye akacheka. Ndiye aliyekuja kumwona chura mdogo wa kwenye mafunjo, hazidi kucha ya kidole gumba, amejibana kwenye bua kiasi kwamba sote tulikuwa tumempita.

NZI WA MTAKATIFU THOMA

Kwenye falsafa tulizoea kupanda haraka kwenda juu: kiumbe, uwepo, sababu ya kwanza. Lakini walimu wakubwa hawakuwa na haraka hiyo. Aristotle alitumia muda wake kwenye ghuba la Pyrrha katika kisiwa cha Lesbos akichunguza pweza, konokono na samaki. Katika kitabu chake juu ya viungo vya wanyama anawaonya wanafunzi wasichukizwe na wanyama wadogo wasiopendeza, na anasimulia habari ya Heraclitus: wageni walikuja kumtembelea, wakamkuta jikoni anaota moto, wakasita kuingia. Yeye akawakaribisha, akisema humo nako miungu ipo. Mpagani, lakini alielewa kitu kuhusu jikoni.

Naye Thoma, akihubiri juu ya Kanuni ya Imani, anasema ujuzi wetu ni dhaifu hata hakuna mwanafalsafa aliyewahi kuchunguza kikamilifu asili ya nzi mmoja, na anataja habari ya mwanafalsafa aliyekaa upweke miaka 30 ili kuijua asili ya nyuki. Analisema hilo kutetea imani: kama nzi anakushinda, usishangae Mungu akikushinda. Mimi nalisoma na kwa upande wa nzi. Nzi ana kina cha kutosha kumshinda Thoma.

Na Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitaka sehemu ya bustani ya konventi iachwe bila kulimwa ili maua na majani ya porini yaote. Laudato Si' namba 12 inalikumbuka. Hakusema yaote ili tupate dawa. Yaote tu.

MKITAKA KUFANYA WENYEWE

Nendeni watu wasiozidi kumi na wawili, na mwenyeji anayelijua eneo, hasa habari za mamba na kiboko. Muda mzuri ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu. Viatu vya mpira, mikono mirefu, daftari, penseli (kalamu ya wino ikilowa imekwisha), na lenzi ya kukuzia kama ipo. Simu ziwe za kupiga picha mwishoni tu. Ukianza na picha, unamwachia simu kazi ya kutazama.

Anzeni kwa Zaburi ya 104, isomwe taratibu. Kisha kila mmoja achague eneo la hatua moja ya mraba, akae hapo dakika 20 kimya. Dakika tano za kwanza hutaona kitu. Ya saba au ya nane vitu vinaanza kutembea. Andika unachokiona: umbo la bua, idadi ya miguu, mbawa zimekaaje, nani anamla nani. Usiandike "mzuri". Jina usilolijua muulize mvuvi au msusi wa mikeka kwa lugha ya kwao. Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kijaluo vina majina ambayo kamusi zetu hazina, na wazee wanayo bado. Mkimaliza, kila mtu ataje kiumbe kimoja kwa jina na kumshukuru Mungu kwa ajili yake, huyo mmoja tu. Mtaona sala ile "tunakushukuru kwa uumbaji wako wote" ilivyokuwa nyepesi.

Tarehe nzuri ni 2 Februari. Siku hiyo mwaka 1971, katika mji wa Ramsar, Iran, ulitiwa saini mkataba wa kulinda ardhi oevu, na dunia huiadhimisha kila mwaka. Tanzania ina maeneo manne kwenye orodha yake: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Kwetu sisi tarehe hiyo ni Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni. Maskini wawili waliingia na mtoto mchanga na sadaka ya ndege wawili wadogo, katika hekalu lililojaa watu, na Luka anawataja wazee wawili waliomtambua. Misa asubuhi na mishumaa, kisha kinamasini.

Walioniandikia kwamba parokia zao ziko mbali na ziwa: mkataba wa Ramsar unahesabu pia ardhi oevu iliyotengenezwa na watu, yakiwemo majaruba ya mpunga na mabwawa. Kwa hiyo wa Shinyanga na Kahama, Februari majaruba yakiwa na maji, mna kila mnachohitaji. Kuhusu kichocho, sharti ni lile lile: viatu vya mpira, na hakuna kuingiza mkono majini.